Kuchuma kahawa Mbozi, kuchuma pesa Tunduma

Katika Mkoa wa Songwe kitenzi kimoja kina kazi shambani, sokoni, kwenye mahubiri na mahakamani. Ukikifuatilia unafika kwenye swali ambalo familia nyingi za wakulima hazipendi kulijibu: aliyechuma ni nani?

Mwezi Juni ukifika Mbozi, hakuna haja ya kuuliza watu wamekwenda wapi asubuhi. Wamekwenda kuchuma. Neno kahawa halitajwi, maana msimu wenyewe umeshalisema. Sasa panda basi pale Vwawa, makao makuu ya mkoa, ushuke Tunduma mpakani, umuulize kijana wa mjini mambo yanakwendaje. Kama siku imekuwa njema, jibu laweza kuwa hilohilo: tunachuma. Kijana huyu hana mbuni hata mmoja. Anabadilisha kwacha kwa shilingi, au anapakia mizigo kwenye malori, au ametandika nguo za mtumba kando ya njia inayoelekea Nakonde, upande wa Zambia.

Hakuna anayeshangaa. Kiswahili kimezoea kitambo kumweka mwenye kikapu na mwenye pochi kwenye kitenzi kimoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, inakipa kuchuma maana zote mbili: kukata tunda, ua au jani kutoka kwenye mmea, na kupata mali au faida. Mambo yanakuwa magumu pale maana hizo mbili zinapogawana watu, mmoja akachuma tunda na mwingine akahesabiwa kuwa ndiye aliyechuma mali.

Kila zao na kitenzi chake

Anayejifunza Kiswahili hudhani kuvuna kunatosha kwa mazao yote. Mkulima wa Songwe anajua hakutoshi. Mahindi ya Mbozi na Momba huvunwa. Karanga na maharage hung'olewa, na maharage yakishakauka hupigwa kwa fimbo hadi yatoke kwenye maganda. Mpunga wa Kamsamba hukatwa, hupurwa, kisha hupepetwa. Viazi huchimbwa, ndizi hukatwa, asali hurinwa. Huko pwani nazi huanguliwa, na korosho huokotwa chini ya mkorosho. Kuchuma kuna kundi lake: kahawa, chai ya Rungwe, pareto ya nyanda za juu, karafuu za Pemba, parachichi, maua na mboga za majani.

Mazao ya kundi hili yana tabia inayofanana. Mmea haufi kwa kuguswa. Mkono unachagua, na ukishachagua unarudi tena baada ya siku kadhaa. Anayevuna mahindi anafunga hesabu ya mwaka. Akiondoka, shamba limebaki mabua. Anayechuma anaacha kitu nyuma kwa makusudi. Mwangalie mama anayechuma majani ya maboga jioni. Anakata ncha changa, anauacha mmea, na baada ya siku chache mmea umetoa ncha nyingine. Angeung'oa wote angepika leo, kesho akaombe kwa jirani.

Kwa hiyo ndani ya kitenzi hiki, hata kabla hakijafika sokoni, kuna uvumilivu na kuna jicho la kuchagua. Mambo hayo mawili ndiyo kwanza husahaulika maana ya fedha inapoingia.

Vidole na debe

Kahawa inayolimwa Mbozi ni arabika, na arabika haimruhusu mtu kuwa na haraka. Mbuni hauchanui wote siku moja. Mvua moja inaamsha maua meupe kwenye matawi haya, mvua inayofuata inaamsha mengine, na toka ua hadi tunda kuiva hupita kama miezi 7 hadi 9. Ndiyo maana tawi moja la mwezi Juni lina matunda mabichi ya kijani, mengine yameanza umanjano, mengine mekundu yaliyoiva barabara. Yote yanakaa yamesongamana kwenye pingili moja.

Mchumaji hodari hashiki tawi akalikamua. Analivuta taratibu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili analishika tunda jekundu kwa kidole gumba na cha shahada, analizungusha kidogo, linaachia. Kikonyo kinabaki kwenye tawi. Kikichomoka pamoja na tunda, jicho la ua la msimu ujao linaweza kuumia, na mkulima atakuwa amekula kahawa ya mwakani bila kujua. Tunda lililoiva ukilibinya, punje mbili zinateleza nje zikiwa na utelezi mtamu. Bichi halifanyi hivyo. Linabana, na mashine ya kumenya inalijeruhi. Mbichi chache zikiingia kwenye debe la mbivu, ladha ya mzigo mzima inapungua na bei nayo inashuka.

Kazi haishii hapo. Mbivu zilizochumwa leo hutakiwa kumenywa leo, kwa sababu zikilala kwenye kiroba zinaanza kuchacha. Ndiyo sababu mitambo ya pamoja ya kumenya kahawa, ambayo wakulima wanaiita CPU, hupata foleni jioni badala ya asubuhi. Baada ya kumenya kuna kuvundika, kuosha, kisha kuanika kwenye vichanja na kugeuza mara kwa mara, huku mtu akiokota punje zilizovunjika. Kilo 5 hivi za mbivu hubaki kama kilo 1 ya kahawa iliyomenywa na kukaushwa. Mtu anayeona gunia moja limesimama ghalani ajue kuna magunia kadhaa yaliyopita kwenye vidole.

Katika hatua hizi watafiti wana mchango wao. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001, ina kituo Mbimba, humo humo Mbozi. Aina chotara zilizotolewa na taasisi hiyo zinastahimili chule buni na kutu ya majani, magonjwa mawili ambayo zamani yalimlazimu mkulima kununua dawa msimu hadi msimu. Mche bora unapunguza gharama ya dawa. Kazi ya kuchuma haiipunguzi: ukizaa sana, vidole vinahitajika zaidi.

Mwenye shamba kubwa huita vibarua, na kibarua hulipwa kwa debe. Hapa ndipo mgogoro wa kimyakimya unapozaliwa. Mwenye shamba anataka mbivu tupu. Kibarua anataka madebe mengi kabla jua halijawa kali. Ukimlipa mtu kwa debe halafu ukamtaka achague tunda mojamoja, umemwomba akupunguzie ujira wake kwa hiari. Wenye mashamba wenye busara hulikagua debe na kulilipia vizuri likiwa safi. Wasio na busara hulalamika msimu mzima kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuchuma.

Kutoka tundani hadi wizarani

Si ajabu kitenzi kilichobeba kazi ya namna hii kikapanda ngazi. Wahenga walikipandisha kwanza. Mchumia juani hulia kivulini, walisema, wakimaanisha kwamba aliyetafuta kwa shida atakula kwa raha. Kwa upande wa pili wakaonya: mchuma janga hula na wa kwao. Methali hii ya pili ina ukali ambao ya kwanza haina. Inasema anachokileta mtu nyumbani, kizuri au kibaya, hakiliwi na yeye peke yake. Kijana akikamatwa na magendo mpakani, mzazi ndiye anayeuza ng'ombe kumtoa.

Dini nazo zimekitumia. Shekhe anauita Ramadhani mwezi wa kuchuma thawabu. Wahubiri huwaonya watu wasichume dhambi. Siasa ikachukua fungu lake: mtu anayehama chama baada ya kuahidiwa cheo huitwa mchumia tumbo, na tusi hilo linauma kwa sababu halimkatalii kwamba anachuma, linataja tu anamchumia nani.

Kisha wataalamu walipohitaji jina la elimu na shughuli nzima ya uzalishaji, biashara na matumizi ya taifa, hawakwenda mbali. Uchumi umetoka kwenye kuchuma. Mchumi wa wizara, kwa asili ya jina lake, ni ndugu wa mtu mwenye kikapu Mbozi. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilipoiweka Tanzania kwenye kundi la nchi zenye uchumi wa kati wa chini, na baadaye Zanzibar ilipoanza kuhimiza uchumi wa buluu, magazeti yalijaa neno hilo kurasa nzima, na sidhani kama msomaji yeyote alilifikiria tunda.

Chuma cha kutengenezea nondo na majembe ni neno jingine kabisa. Yamefanana sauti tu, kama kupanda mbegu na kupanda mlima. Songwe inalo la kuonyesha kwa upande huo pia. Kimondo cha Mbozi, kilichopo Ndolezi, kina uzito unaozidi tani 10 na sehemu yake kubwa mno ni chuma. Wenyeji walikijua kabla hakijatangazwa duniani mwaka 1930. Lakini lugha ya mtaani ina ujanja wake. Miaka michache iliyopita pesa zilipoadimika mifukoni, Watanzania walisema vyuma vimekaza. Uchumi ukiwa mgumu, watu wakaenda kuazima chuma cha fundi ili kuusema.

Tunduma: kuchuma kinachopita

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na Sensa ya 2022 ilikuta una watu zaidi ya milioni 1.3. Vwawa ina ofisi za mkoa, Mbozi ina kahawa, lakini mji wenye pilikapilika ni Tunduma. Ni kama kilomita 100 kutoka Mbeya, mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam inagusa Zambia na nyingine inachepuka kwenda Sumbawanga. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kupitisha mafuta mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976. Shaba inashuka kutoka Zambia na Kongo kwenda bandarini. Mafuta, mbolea, magari na bidhaa za dukani vinapanda. Karibu kila kitu kinasimama Tunduma kwanza.

Kusimama huko ndiko kunakolisha mji. Dereva wa lori akikaa siku moja zaidi, atakula kwa mama lishe, atalala kwenye nyumba ya wageni, atanunua vocha, atabadilisha fedha, na utingo wake atanunua maji ya kuogea. Kila mmoja wa watu hao atasema amechuma. Mwenye lori, huko Dar es Salaam au Lusaka, atasema amepoteza. Foleni ndiyo shamba la Tunduma. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kiliwekwa ili lori likaguliwe sehemu moja badala ya mbili na lipite haraka. Ni jambo jema kwa biashara ya nchi. Kwa muuza chapati wa kando ya barabara maana yake ni wateja wanaokaa muda mfupi zaidi, na hesabu yake haimo kwenye ripoti ya mtu yeyote.

Tofauti na Mbozi ni kwamba hapa hakuna anayepalilia kinachochumwa. Mbuni unapogolewa, unawekewa samadi, unasubiriwa miaka mitatu hivi kabla haujaanza kuzaa vizuri. Mteja wa mpakani anapita. Ukimkosa leo, kesho yuko Kapiri Mposhi. Ndiyo maana mchumaji wa Tunduma ana mbio, ana maneno mengi, na anaweza kubadili biashara mara mbili ndani ya mwezi. Wa Mbozi humcheka kwamba hana mizizi. Yeye humcheka wa Mbozi kwamba anasubiri malipo ya kahawa mpaka viatu vya watoto vinatoboka.

Chuma ulete

Wafanyabiashara wa mjini wana jina la hofu yao kubwa, nalo limetokana na kitenzi hikihiki. Ni chuma ulete. Inaaminika kuwa mtu anaweza kuja dukani kama mteja wa kawaida, akatoa noti, akapewa chenji, na noti ile ikiondoka inafuatana na wenzake waliokuwa kwenye droo. Mwenye duka anahesabu jioni, pesa hazilingani na mauzo. Jina lenyewe ni amri mbili kwa mtumishi asiyeonekana: chuma, kisha ulete.

Kinga zake nazo ni nyingi. Wapo wanaoweka ndimu au chumvi kwenye droo. Wapo wasiokubali kuvunja noti kubwa kabla ya mauzo ya kwanza ya asubuhi. Wapo wanaoitupa noti chini kwanza kabla ya kuiweka pamoja na nyingine. Mteja mgeni anaweza kushangaa anapokewa pesa kwa mkono wa tahadhari namna hiyo.

Sitabishana na mtu juu ya imani yake. Ila aliyewahi kukaa na mwenye duka dogo akapiga naye hesabu anajua chuma ulete wengine wana majina. Kuna unga na sukari vinavyokwenda nyumbani bila kuandikwa. Kuna mkopo wa jirani ambao haudaiwi kwa sababu ya aibu, na ada ya mtoto iliyotoka kwenye mtaji. Kuna kijana wa dukani anayejilipa kidogokidogo. Daftari la shilingi chache linaweza kuwafichua wote hao, ndimu haiwezi. Na wapo chuma ulete wa halali kabisa: tozo ya miamala ya simu iliyoanza tarehe 15 Julai 2021 ilipigiwa kelele nchi nzima hadi serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo. Pesa ilikuwa inatoka kwenye simu mbele ya macho ya mwenyewe.

Upande wa mashambani mchezo huo una sura nyingine. Mkoani Kagera unaitwa butura: mkulima mwenye shida anauza kahawa ikiwa bado maua au matunda mabichi, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anayemiliki mavuno ni mwenye fedha. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo mara kadhaa, na kila njaa ya mwezi Februari inairudisha. Mkulima wa butura atapalilia, atalinda, na atachuma kwa mikono yake mwenyewe. Mali imeshachumwa na mwingine zamani.

Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lililiona jambo la aina hii kwa ukubwa wa nchi. Lilitahadharisha kwamba mikopo ya kujenga miji hulipwa kwa mazao ya wakulima, na kwamba tusipoangalia, watu wa mijini wanaweza kuwa ndio wanyonyaji wa watu wa vijijini. Miaka mingi imepita, siasa imegeuka, lakini anayesimama kwenye vichanja vya Mbozi kisha akapita kwenye maghorofa mapya ya barabarani hana budi kuikumbuka hoja hiyo.

Kitenzi kizimbani

Mahali ambapo kuchuma kumepimwa kwa uzito kuliko pote ni mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo wanandoa wameipata katika ndoa kwa juhudi za pamoja, pale wanapotengana au kuachana. Mitaani sheria hiyo inajulikana kwa maneno mafupi zaidi: mali waliyochuma pamoja. Katika kugawa, mahakama inatakiwa kuangalia mchango wa kila upande, na sheria inataja aina tatu za mchango, yaani fedha, mali au kazi.

Neno kazi ndilo lililoleta ubishi. Kwa miaka kadhaa majaji hawakuafikiana. Wengine waliona kazi inayohesabiwa ni ile inayogusa mali moja kwa moja, kama kubeba matofali ya nyumba au kuuza dukani. Kupika, kufua, kulea na kuuguza wakaviona ni wajibu wa mke, visivyochuma kitu. Wengine waliona mume asingeweza kutoka asubuhi kwenda kutafuta kama hakuna aliyebaki kushika nyumba.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi huo katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Bi Hawa alikuwa mke wa nyumbani aliyedai fungu katika nyumba iliyonunuliwa na mumewe wakati wa ndoa. Mahakama za chini zilimwona kuwa hakuchangia. Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia, na zinapaswa kuhesabiwa.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia hukumu hii. Mwisho wake ni mgumu zaidi. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, naye akazitapanya, hivyo fungu lake lilikuwa limekwisha kwa njia hiyo. Alishindwa yeye, wakashinda waliokuja baada yake. Tangu siku hiyo mwanasheria anayemtetea mke asiye na mshahara anaanzia kwenye jina la Bi Hawa.

Hata hivyo haki hiyo haiji yenyewe. Mahakama ya Rufani imesisitiza pia kwamba kiasi cha mchango wa mtu ni suala la ushahidi. Anayedai amechuma anatakiwa kuonyesha alichuma nini, kwa namna gani. Mwenye hati ya mshahara au risiti ya benki ana kazi nyepesi. Mwanamke aliyechuma madebe misimu ishirini hana karatasi.

Jina kwenye kitabu

Hapo ndipo mahakama inakutana na mibuni ya Mbozi. Katika kaya nyingi za wakulima wa kahawa, wanaoamka na vikapu ni mama na watoto, wakisaidiwa na vibarua siku za mavuno makubwa. Mama ndiye anayejua mbuni upi unazaa mapema na upi una wadudu. Ndiye anayekesha CPU mzigo ukichelewa kumenywa. Lakini shamba likiwa ni la ukoo, na kitabu cha chama cha ushirika, AMCOS, kikiwa na jina la baba, malipo yanakwenda kwa mwenye jina. Siku ya malipo watu husema mzee kachuma mwaka huu.

Simlaumu kila baba. Wapo wanaokwenda na wake zao kupokea fedha, wakakaa mezani wakagawa: ada, mbolea, deni, kidogo cha harusi. Nyumba hizo utazijua kwa sababu kahawa yao ni safi. Mtu anayejua atapata sehemu yake hana sababu ya kukwanyua mbichi. Zipo pia nyumba ambazo pesa ya kahawa inashuka kwenye basi la Tunduma Ijumaa na kurudi Jumatatu ikiwa chenji. Mwaka unaofuata mama anachuma kwa uvivu, au anahamishia nguvu kwenye bustani yake ya mboga ambayo pesa yake inaingia kwenye kanga yake mwenyewe, na mzee anashangaa kwa nini mbuni umepungua kuzaa. Watoto wakikua wanaondoka kwenda kuchuma mpakani, ambako ujira ni mdogo lakini unashikwa siku hiyohiyo.

Watu wa maendeleo hupenda kuliita hili suala la jinsia, wakalifanyia semina na posho. Mimi naona ni suala la hesabu. Kahawa nzuri inategemea vidole, na vidole vinafuata malipo. Ukimtenga anayechuma tunda na anayechuma fedha, unaharibu vyote viwili, na hasara inaonekana kwenye kikombe kabla ya kuonekana nyumbani.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inamruhusu mtu yeyote mwenye miaka 18 na sifa zinazotakiwa kujiunga, mwanamume kwa mwanamke. Hakuna kifungu kinachosema kaya moja iwe na mwanachama mmoja wa kiume. Sheria ya Ndoa imekwishakubali kazi kuwa ni mchango tangu 1971, na Mahakama ya Rufani ikaifafanua 1983. Kilichobaki ni karatasi.

Kwa hiyo, kwa familia za Mbozi na za wilaya jirani ya Ileje zinazojiandaa na msimu, ombi langu ni dogo. Mama naye ajiunge na AMCOS kwa jina lake, au mume na mke wote wawili waandikwe kwenye akaunti inayopokea malipo. Risiti za mzigo zitunzwe pamoja na hati nyingine za nyumbani, na madebe ya kila siku yaandikwe kwenye daftari na jina la aliyeyachuma. Viongozi wa AMCOS nao, kabla mzigo wa kwanza haujafika, wakague vitabu vyao na kuhesabu wanachama wanawake ni wangapi. Wakikuta ni wachache kuliko wanaoleta mbivu jioni, wajue kitabu chao kimekosea na wakirekebishe msimu huu.